Chini ya Boriti

Royce Kovanda alikuwa amechezea timu tisa, na katika zote hizo kazi yake hasa ilikuwa kujifanya mtu mwingine. Watu wa nje hawalijui jambo hili. Wao wanaiona Jumapili tu: mrushaji anasimama nyuma ya ukuta wa majitu, anapewa ule mpira wenye ncha mbili, anawatupia wenzake wanaokimbia mbele, na nchi nzima inalijua jina lake. Yule mwenzake anayesimama pembeni na kofia ya sufu na chupa ya maji, anayesubiri mkubwa aumie ndipo aingie, hakuna anayemuuliza hata ametokea wapi. Lakini huyo naye hali mkate wa bure.

Katikati ya wiki walinzi wa timu huhitaji mtu wa kuwaigizia mrushaji wa timu watakayokutana nayo. Mtu huyo alikuwa Royce. Alijifungia katika chumba cha kutazamia picha za mechi, akamtazama adui wa wiki hiyo kwenye skrini mpaka akajua anavyolamba vidole, anavyoinua bega, mguu upi unatangulia anapotaka kudanganya. Kisha akavaa fulana yenye namba ya mtu huyo na kuingia uwanjani, na kwa siku mbili tatu Royce Kovanda akawa hayupo. Alikuwa hodari mno wa kazi hii. Makocha walipigiana simu kumhusu: "Yule Kovanda yuko huru? Mchukue. Kucheza hachezi, lakini atakuonyesha kila anayecheza." Kwa sifa hiyo alikula miaka kumi na minne.

Kule Columbus, kwenye timu ya tisa, walimwita Kasuku.

"Mzee Kasuku, leo umeamka nani?" Tavion Pruitt alimuuliza Jumatano ya mwisho ya msimu, wakiwa wanafunga viatu. Pruitt ndiye aliyekuwa mrushaji mkuu, kijana wa miaka ishirini na mitatu ambaye hajawahi kukaa benchi tangu azaliwe.

"Lindqvist."

"Wa Portland? Yule mwenye nywele kama ufagio?"

"Huyohuyo."

"Basi ngoja nikuamkie vizuri. Mtu mwenyewe wamemchora ukutani kwao."

"Niamkie haraka, mdogo wangu. Jumapili nitakuwa tena yule wa kukushikia maji."

Pruitt alicheka, akampiga begani, akaenda zake. Alikuwa kijana mwema, na wema wake ndio uliomfanya Royce ajione mzee zaidi.

Huyu Lindqvist wa Portland alikuwa na tabia moja. Akitaka kuutupa mpira mbali, aliupiga kwanza kwa kiganja cha kushoto, mara mbili, pa-pa, kama mama anayembembeleza mtoto. Mwenyewe hakujua. Bouchard, kocha wa walinzi wa Columbus, ndiye aliyeigundua tabia hiyo kwenye picha, na wiki nzima hakuwa na wimbo mwingine. "Akipiga pa-pa msisubiri, geukeni mkimbie nyuma. Kovanda, usinisahaulie pa-pa." Royce hakusahau. Alipiga pa-pa asubuhi, akapiga pa-pa mchana, na kufikia Ijumaa alikuwa anakipiga pa-pa hata kikombe cha kahawa.

Na yeye mwenyewe, alikuwa akirusha vipi? Swali hilo hakuna aliyemuuliza siku nyingi, na kama angeulizwa angebabaika.

Kwao ni Nebraska, kwenye shamba la mahindi, na upepo wa huko wakati wa baridi hauna utani na mtu. Baba yake, Leland, hakutaka mtoto akae ndani akiganda. Wakishalisha ng'ombe alimchukua mpaka kwenye banda la matrekta, akafunga milango, wakarushiana mpira kutoka ukuta huu hadi ule. Tatizo lilikuwa boriti. Banda lilijengwa na babu, na babu alikuwa mfupi wa kimo na mbahili wa mbao, kwa hiyo boriti zilipita chini kiasi kwamba mtu mzima akinyoosha mkono anazigusa. Ukirusha kwa kuinua mkono kama watu wote, unagonga mti. Basi Royce akajifunza kulilaza bega na kuupitisha mkono ubavuni, na mpira ukamtoka kiunoni kama mtu anayetoa leso mfukoni.

"Chini ya boriti, mwanangu," Leland alikuwa akimwambia kila mara. "Chini ya boriti."

Ukawa ndio mkono wake. Shuleni walimshindwa, na chuoni walimshindwa pia, maana mlinzi aliyezoea kutazama juu hakuujua mpira umetokea wapi mpaka umeshampita. Wazee wa kijiji walisema mtu anaweza kumtambua mtoto wa Kovanda kutoka barabara kuu, akiwa kwenye gari, kwa kuuona mkono tu.

Kisha akachukuliwa na timu ya Memphis. Siku ya kwanza kocha wa warushaji, mtu mmoja aitwaye Whitlock, alimsimamisha mbele ya wenzake.

"Nani amekufundisha kurusha namna hiyo?"

"Baba yangu."

"Baba yako anafundisha timu gani?"

"Hana timu. Analima mahindi."

Wenzake wakaangua kicheko. Whitlock hakucheka. "Basi mahindi tumwachie yeye," alisema, "na mpira atuachie sisi. Inua kiwiko."

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Royce alikuwa na miaka ishirini na miwili, na nje ya mlango kulikuwa na foleni ya vijana walioitaka nafasi yake. Angeweza kukataa. Whitlock angemfukuza, na labda timu nyingine ingempenda alivyo, na labda isingempenda. Hakuwahi kujua, kwa sababu aliinua kiwiko. San Antonio walimbadilishia nyayo. Sacramento wakasema anavyoushika mpira ni ushamba, wakamfundisha mshiko mwingine. Kila alikokwenda walinyofoa kipande wakampachika kingine, naye akasema ndiyo, kocha, asante, kocha. Moyoni alijiambia kwamba ule mkono wa bandani ameuweka tu, akishapata namba ya kudumu ataurudia. Mwacha asili ni mtumwa, lakini nenda ukamwambie hivyo kijana ambaye hajui Jumanne kama bado ana kazi. Mkewe, Kendra, alihama naye miji minne. Wa tano akasema watoto wamechoka kuaga marafiki, akabaki nao Lincoln, na Royce akaendelea na safari na mabegi mawili ambayo hakuwa akiyafungua yote.

Jambo lililomuuma zaidi ya Kendra, na alijionea haya kuwaza hivyo, ni kwamba baba yake hakuwahi kumwona akicheza katika timu hizo tisa. Si kwamba mzee hakutazama. Kila Jumapili kwa miaka kumi na minne alikaa mbele ya televisheni, timu yoyote iwe, msimu wote. Lakini mrushaji wa akiba huingizwa mechi ikishaharibika, na mechi ikishaharibika wenye televisheni huihama na kuwapelekea watu nyingine yenye moto. Royce akivaa helmeti tu, Nebraska nzima inahamishiwa kwingine. Mara moja hawakuhama, na siku hiyo Leland alikuwa juu ya mashine ya kuvuna, kwa sababu mvua ilikuwa njiani na mahindi hayasubiri mtoto wa mtu.

Sasa macho ya mzee yalikuwa yanaondoka. Katikati kuliingia doa la kijivu, akabaki anaona pembeni tu. Ukikaa mbele yake sawasawa hakuoni; akitaka kukuona anageuza uso kando kana kwamba amekununia. Kiti chake cha kutazamia mpira alikigeuza ubavu, na sauti ya televisheni aliizima, kwa sababu watangazaji walimchosha. Jumamosi, kabla ya mechi ya Portland, Royce alimpigia simu kama kawaida.

"Macho vipi, baba?"

"Yapo yapo. Daktari anasema hata haya ya pembeni yameanza kuaga. Msimu ujao nitakuwa nasikiliza redio kama babu yako."

"Mama si atakuwa anakusimulia?"

"Mama yako anajua rangi za fulana, basi. Juzi kanisani nimemshika mkono mchungaji nikamuuliza mbolea imefika lini. Sura za watu ndiyo zimekwisha, Royce. Lakini kitu kikicheza nakiona. Mkono wako nitaujua hata wakinifunga kitambaa. Kesho watakuingiza?"

"Pruitt mzima kama ng'ombe, baba."

"Ng'ombe nao huteguka."

"Usimwombee mwenzako mabaya."

"Simwombei. Nasema tu mambo ya ng'ombe ninayoyajua."

Alipokata simu Royce alikaa kitandani muda mrefu. Alikuwa na miaka thelathini na sita. Mkataba ulikuwa unaisha kesho yake, na goti lilishaanza kumwambia mambo asiyotaka kuyasikia. Amwogope nani tena? Akajiapia kwamba wakimwingiza, hata kwa dakika moja, ataurusha mpira mmoja kwa mkono wa bandani. Mmoja tu. Mzee akae pale ubavu, auone, aseme yule ni wangu. Baada ya hapo macho yaende, hakuna neno.

Na ng'ombe akateguka kweli. Ilikuwa baada ya mapumziko, Columbus wakiwa nyuma kwa alama nne. Watu wawili wa Portland walimwangukia Pruitt, na alipoinuka kifundo cha mguu kilikuwa hakikubali. Kocha mkuu aligeuka kutafuta mtu wa kumwingiza, macho yakampita Royce, yakarudi. Royce akavua kofia ya sufu. Mechi ilikuwa ya moto, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alijua kwamba wenye televisheni hawahami.

Wakakusanyika duara. Yule wa katikati anayeanzisha mpira, jitu la Kisamoa liitwalo Matagi, lilimwinamia.

"Babu, dawa umekunywa?"

"Nimekunywa. Wewe nilinde tu, nikifa mwambie mke wangu nilijitahidi."

"Una mke?"

"Nusu nusu."

Wakacheka wote. Mpira wa kwanza aliurusha mfupi, kiwiko juu, kama Whitlock alivyotaka. Haukuwa wakati wa kujaribu mambo. Akasema moyoni, unaofuata. Wa pili ulihitaji haraka, akautupa ulivyokuja. Wa tatu kulikuwa na mtu mbele ya uso wake. Kila mpira ulikuwa na sababu yake, na kila sababu ilikuwa nzuri. Timu ikasogea. Uwanja, uliokuwa umeanza kuzizima kwa baridi, ukasimama, na watu maelfu wakaanza kuita jina lake vibaya, Kavanda, Kavanda, lakini wakaliita. Royce hakujua kwamba mtu anaweza kufurahi kiasi kile. Nadhani ni furaha hiyo iliyomzuga. Aliingia mle kwa ajili ya mtu mmoja aliyekaa kwenye kiti kilichogeuzwa ubavu, na kwa muda ule akamsahau.

Saa ya uwanja ilipokaribia kwisha walikuwa bado nyuma, na mstari wa mwisho ulionekana. Royce akapewa mpira, akarudi hatua chache. Kulia, mbali kwenye kona, mpokeaji wake mmoja alikuwa ameponyoka na yuko peke yake. Mbele ya Royce lilisimama jitu la Portland, mikono yote miwili juu, limeziba njia ya juu yote. Lakini chini ya kwapa lake, usawa wa mbavu, kulikuwa na uwazi, na uwazi ule Royce aliujua kuliko alivyojua uso wake kwenye kioo. Ulikuwa uwazi wa bandani. Aliuona kabisa. Hilo ndilo lililokuja kumnyima usingizi baadaye, kwamba aliuona.

Kisha kiganja chake cha kushoto, ambacho wiki nzima kilikuwa kimelishwa chakula kimoja, kikaupiga mpira pa-pa, na kiwiko kikapanda juu, na mpira ukapita juu ya vidole vya lile jitu kwenda kwenye kona.

Mlinzi wa nyuma wa Portland, Antwan Sills, alikuwa upande wa pili wa uwanja. Kwa hesabu ya kawaida asingefika. Lakini Sills alianza kukimbia kabla mpira haujatoka mkononi, na ulipofika kule ulimkuta yeye, ukatua kifuani pake kana kwamba aliuagiza. Mechi ikaisha hapo. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza, ila huu mti Royce aliupaka mafuta mwenyewe tangu Jumatano.

Wachezaji wakaingiliana katikati ya uwanja kupeana mikono, kama ilivyo ada. Sills alimtafuta.

"Kaka, samahani nikuulize. Umewahi kukaa timu moja na Lindqvist?"

"Hapana. Kwa nini?"

"Maana mimi niko naye mwaka wa sita. Kila siku mazoezini namwona anaupapasa ule mpira mara mbili, ndipo anautupa mbali. Hatujamwambia, hiyo ndiyo tunayomshindia mazoezini." Sills alicheka. "Sasa wewe ulipoupiga, miguu ikaanza kukimbia yenyewe. Niko nusu ya njia ndipo nakumbuka Lindqvist amekaa benchini kwetu."

Royce alimtazama.

"Ulimwigiza wiki hii, siyo?" Sills akauliza.

"Ndiyo."

"Ulimpatia. Yaani ulimpatia mpaka basi. Unaijua kazi yako, kaka."

Alikuwa anamsifu kwa moyo mweupe. Royce akamshukuru, akamtakia safari njema. Alipoingia chumba cha kubadilishia nguo alikaa na kitambaa kichwani, si kwa sababu ya kushindwa. Kushindwa alikuwa amekuzoea. Alikuwa akijaribu kukumbuka kama kuna mpira hata mmoja siku ile aliourusha yeye. Akaipitia yote mmoja mmoja, akamkuta Whitlock, akawakuta San Antonio na Sacramento, na mwisho akamkuta Lindqvist. Yeye mwenyewe hakujikuta popote, na aliona uchungu ambao hakuwahi kuuona hata siku Kendra alipobaki Lincoln.

Kwenye simu kulikuwa na ujumbe wa mama yake, Arlene. "Baba yako alikaa kitini mechi nzima. Endesha pole pole ukija."

Kesho yake wachezaji walitia vitu vyao katika mifuko ya taka, kama wafanyavyo kila msimu ukiisha. Bouchard alimshika mkono. "Nitawapigia watu simu kuhusu wewe," alisema. "Mtu kama wewe hapatikani." Royce akasema asante, kocha. Akapakia mabegi mawili garini akashika njia ya magharibi, akalala njiani, na siku ya pili mchana akauona mnara wa nafaka wa kwao umesimama juu ya theluji.

Arlene alimkumbatia mlangoni muda mrefu kuliko kawaida. "Kula kwanza," alimwambia, ingawa Royce hakuwa amesema neno. Mezani kulikuwa na supu ya maini na vimkate vya kwao vya jamu ya matunda. Leland alikuwa amekaa mahali pake. Mwana alipoketi, mzee aligeuza uso dirishani ili amwone.

"Umekonda," alisema.

"Na wewe umenenepa, baba."

"Mtu haoni anachokula, anakula kila kitu." Akasukuma bakuli. "Haya, niambie. Kwa nini hawakukuingiza?"

Kijiko cha Royce kilisimama. "Nini?"

"Leland," Arlene alisema, "tumeshaongea habari hii."

"Tumeongea, na mimi nikakujibu." Mzee akamgeukia mwanawe, yaani akageukia zaidi dirishani. "Mama yako aling'ang'ania ndiye wewe, eti ameona jina mgongoni. Nikamwambia, Arlene, majina mimi siyaoni, lakini mkono naujua. Yule alikuwa anainua kiwiko kama hawa wote wa siku hizi. Na ule wa mwisho, kabla hajautupa akaupigapiga kama mtu anayechagua tikiti sokoni. Lini umemwona Royce anapigapiga mpira? Nikakaa. Nikasema watamwingiza tu, hawawezi kumwacha yule mchagua tikiti amalize mechi. Mpaka wanazima taa za uwanja niko hapo."

Arlene alimtazama mwanawe, kisha akatazama meza. Alikuwa amemwachia yeye ajibu.

Royce alifikiri kusema kweli. Aliifikiria hasa, ilikuwa mdomoni. Lakini alimwona mzee amekaa na uso wake dirishani, ametumia macho yake ya mwisho kumngoja mtu, na bado anaamini mtu huyo yupo, ila tu wapumbavu fulani wa Columbus hawakumpa nafasi.

"Hawakuniingiza, baba," alisema.

"Nilijua. Umesikia, Arlene? Wangemwingiza huyu wangeshinda."

Arlene aliinuka kumimina kahawa, na vikombe vilikuwa vimejaa.

"Basi maliza hiyo supu twende bandani," Leland alisema. "Mwanga bado upo. Unirushie mmoja niuone kabla haya macho hayajaenda. Wao wasipokuchezesha, mimi nitakuchezesha."

"Baba, bega limechoka."

"Mmoja tu."

Walivuka ua, mzee akiwa amemshika mkono kwenye barafu. Banda lilikuwa lilelile, harufu ya dizeli na majani makavu, boriti zimepita pale pale babu alipozipitisha. Mpira wa zamani ulikuwa kwenye rafu, ngozi imekauka; Leland aliupata kwa kupapasa, akampa. Kisha akajiegemeza kwenye gurudumu la trekta, akageuza uso kando.

"Pale mlangoni," alisema. "Unakumbuka?"

Royce alisimama palepale alipokuwa akisimama utotoni. Akaliambia bega lishuke. Miaka yote ile alidhani mkono ule upo mahali, ameuweka, unamngoja kama koti lililoachwa kwenye msumari. Akavuta pumzi, akajaribu kuwa yule mtoto aliyekuwa yeye, na akausikia mlio kabla hajajua umetoka wapi. Ulikuwa kiganja chake juu ya ngozi kavu. Pa-pa.

Kisha vifundo vya vidole vyake vikagonga boriti.

Mpira ulianguka miguuni pake ukabingirika kombokombo mpaka chini ya trekta. Vumbi la makapi likateremka taratibu. Leland hakusogea. Alibaki vilevile, uso kando.

"Kumbe alikuwa ni wewe," mzee alisema.

"Ndiye mimi, baba."

Leland aliitikia kwa kichwa. Kisha akaugeuza uso wake polepole kutoka ukutani, ukamwelekea mwanawe sawasawa, pale ambapo hakuweza kumwona.